Upara Kabla ya Harusi

"Dada, hii ni saluni ya wanaume."

"Najua. Nyoa zote."

Kinyozi hakuwahi kumwona mwanamke huyu. Nywele zake zilikuwa zimesukwa nyembamba, zikimfika kiunoni. Kazi ya siku mbili kwa msusi mwenye subira.

"Zote?"

"Mpaka kichwa king'ae. Haraka, kabla sijatoroka."

Benchini palikuwa na mzee aliyeingia muda mfupi kabla, akajifunika uso kwa gazeti. Alisema hanyoi, anapumzisha miguu tu.

Kinyozi alimfunga mgeni shuka shingoni. Halafu mkono wake ukapungua kasi.

"Samahani, dada. Ni ule ugonjwa?" alinong'ona.

"Saratani? Uvimbe wa shingoni, ndiyo, mkubwa kama ndimu. Wiki sita tumepambana nao kwa mionzi."

Kinyozi aliikagua ile shingo. Laini, haina hata doa. "Mungu mkubwa! Hapaonekani kitu."

"Kaka, mimi si..."

"Usijichoshe kusema, dada yangu."

"Ngoja nikueleze. Uvimbe ni mjanja, unajivutia mishipa ya damu iulishe. Ukiupiga mionzi leo, mishipa inauuguza, kesho umeamka. Safari hii tulijaribu na dawa mpya, maikro-RNA. Ni kipande kidogo mno, kazi yake kunyamazisha amri ndani ya chembe za mwili. Hiki kilinyamazisha amri ya kujenga mishipa. Uvimbe ukakosa mlezi, mionzi ikapata pa kutia meno."

"Na sasa nywele zitadondoka."

"Mionzi hudondosha nywele pale inapopiga tu."

Kinyozi alitikisa kichwa kwa huruma. Jinsi wagonjwa wanavyojua kujifariji! Nyuma ya gazeti mtu akacheka.

"Mzee! Huna hata haya? Mwenzio anaumwa!"

"Nimepaliwa," gazeti lilijibu.

Msuko wa kwanza ulianguka sakafuni. Mwanamke akafumba macho.

"Jumamosi naolewa," alisema.

Mkasi ulisimama hewani. "Jumamosi hii? Mchumba anajua?"

"Anajua. Alicheka mpaka akakaa chini. Mama ndiye hajui. Nywele hizi amezipaka mafuta yeye tangu niko darasa la kwanza. Akiniona atazimia, na akizinduka ataniua."

"Basi harusi ipite kwanza! Nani atakulaumu?"

"Nilisema siku ya mionzi ya mwisho. Ya mwisho imepigwa leo asubuhi."

"Uliweka nadhiri?"

"Kitu kama hicho." Chozi lilimponyoka. "Kata, kaka. Usiniulize tena, nitaghairi."

Mashine ikanguruma. Kinyozi alimnyoa polepole kama anayenyoa kichanga, akijifuta macho kwa kiwiko kila alipofika karibu na sikio. Alipomaliza, alimpangusa kwa taulo la uvuguvugu.

"Umependeza, dada. Na utapona. Usikate tamaa."

Gazeti lilishuka. Mzee akainuka, ukosi wake wazi, ngozi ya shingo imebabuka na kuwa nyeusi upande mmoja.

"Ulipoahidi kunyoa upara, nilidhani unanidanganya tu ili nisitoroke matibabu, daktari," alisema, huku akikitazama kile kichwa kwa furaha ya mtoto. "Mara thelathini, na sikukosa hata moja!"