Kioo Juu ya Kioo

Mara tatu Yoeli alikivua kile kioo mbele ya kamera, na mara tatu Soila alikirudisha.

Kilikuwa kioo chembamba tu cha kuikinga lenzi. Yoeli, mpiga picha wa Kijenge mwaka ule Malkia wa Uingereza alipovikwa taji, hakutaka hata kukiona. Kioo juu ya kioo, alisema, ni kuleta ukungu bure. Vumbi atalipuliza mwenyewe.

"Sisemi vumbi," Soila alijibu. "Kwetu usije bila hicho kioo."

Hakueleza zaidi, alicheka tu, na Yoeli akanywea. Siku hiyo hakuwa na ubavu wa kubishana. Alikuwa anakwenda Sombetini kuipiga picha familia ya mzee Lemburis, baba yake Soila, na kila mtu alijua picha ni kisingizio. Anakwenda kupimwa kama anafaa kuoa. Mzee alishawarudisha wachumba wawili. Yoeli alimpenda Soila mno, na baada ya Soila aliipenda lenzi yake, ambayo ikiharibika hakuna fundi mpaka Nairobi.

Alifika, akaamkia, akaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu. Mzee akaizunguka. Akapiga funda la pombe ya asali kutoka kwenye kibuyu, akainama, akaitemea kamera baraka, kama wazee wa Kiarusha wanavyombariki mgeni. Ukoo mzima ukaitikia, "Naai," kama amina.

Asali ikachuruzika kwenye kioo. Lenzi ilikuwa imeponea chupuchupu! Kuifuta baraka mbele ya mwenye kuitoa kungemkosesha mke, hivyo Yoeli akakivua kioo kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akakifunga kwenye leso na kukitia mfukoni. Soila akatazama chini akijizuia kucheka. Picha zikapigwa, sita, bila ukungu wowote.

Ndipo mzee akamwita karibu, akamuuliza kama atamtunza binti yake. Yoeli akajibu kwamba atamtunza kuliko nafsi yake. Mzee akamshika mkono, akawatangazia wote kuwa amepata mkwe. Yoeli alifurahi hadi machozi yakamlenga.

Kisha akaona mzee anaagiza kibuyu kirudishwe. Haraka haraka akakitoa kioo mfukoni, akakivisha kwenye lenzi.

"Kivue, mwanangu," mzee alisema kwa upole, akikiinua kibuyu. "Baraka ile ilikuwa ya mgeni. Mkwe habarikiwi juu ya kioo."