Hondohondo Wataka Adhuhuri

Zamani za viwavi wengi kuliko mtama, Kiboko mwenye shamba aliwaajiri ndege Hondohondo wote, kila mume na mkewe, wadonoe viwavi tangu alfajiri hadi magharibi.

Siku moja mke mmoja akamwambia Kiboko, “Bosi, tunataka mtoto. Nikiatamia najifungia ndani ya tundu la mti, na mume wangu ndiye wa kunilisha. Kuanzia leo anatoka kazini adhuhuri.”

“Akitoka asirudi!” Kiboko akafoka. “Nitaajiri vijana!”

Akazunguka miti yote. Hakupata ndege kijana hata mmoja, kwa kuwa kila mume na mke walikuwa wakishinda shambani kwake, bila nafasi ya kuatamia.

Akarudi amenywea. “Mumeo anatoka saa ngapi vile?”

“Adhuhuri,” mke akajibu kutoka tunduni, huku akiziba mlango kwa tope.