Mfano wa Sahihi

Mkaguzi mkuu wa mimea alitia sahihi ya kumi na moja, akainua karatasi kuelekea dirishani, akaitazama kama mtu anayeshuku noti. Kisha akaisukuma upande wa pili wa meza.

"Na hii?"

Mwanamke aliyeketi mbele yake, msafirishaji wa tangawizi, aliilinganisha na picha iliyokuwa kwenye simu yake. Hakuhitaji muda mrefu.

"Haifanani, mkubwa."

"Si haba, lakini."

"Haifanani hata kidogo."

Picha hiyo ilikuwa imetumwa asubuhi na wakaguzi wa bandari ya ng'ambo ulikokwama mzigo wake. Ilikuwa nakala ya fomu ya miaka sita nyuma, ile ambayo ofisi hii iliwapelekea kuwaonyesha sahihi ya afisa mwenye idhini ya kutoa vyeti vya afya ya mimea. Jina kwenye fomu lilikuwa la mkaguzi. Sahihi ilikuwa herufi tatu zilizobanana, na mkia mrefu uliozunguka kushoto ukarudi kuzikata zote katikati. Cheti kilichosafiri na kontena la tangawizi kilikuwa na sahihi fupi ya mviringo, isiyo na mkia wowote. Maelezo yao hayakuzidi mistari miwili: cheti kinashukiwa kughushiwa, cheti mbadala kiwafikie kabla ya saa sita mchana kesho, la sivyo mzigo utateketezwa.

"Mkono huzeeka, mama," alisema mkaguzi. "Hata magoti yangu siku hizi hayanitii."

"Basi waandikie hivyo. Waambie mkono umebadilika."

"Kubadilisha mfano wa sahihi ni siku tisini. Tangawizi yako itangoja siku tisini?"

"Na afisa mwingine hawezi kusaini?"

"Mwenye idhini ni mimi peke yangu."

Simu ya mwanamke ililia. Alikuwa mama mkwe wake, ambaye naye alikuwa na magunia ndani ya kontena hilo.

"Wamesemaje, mwanangu?"

"Bado, mama. Niko nao hapa hapa."

"Mimi si mtu wa kukusumbua. Ila mvua imeanza, na mbegu yangu yote imo humo."

Hilo mwanamke alilijua, kwa kuwa ni yeye aliyemwomba. Kontena lilikuwa limepungua magunia thelathini, na mnunuzi hakutaka kontena nusu. Akapita nyumba kwa nyumba kwa wakulima wake, akawashawishi wafukue hata vile vipande walivyohifadhi vya kupanda. Mama mkwe alikuwa wa kwanza kukubali, ili wengine waone. Sasa mashamba ya watu arobaini yalikuwa yamelimwa, yamelowa, na hayana cha kupandwa.

"Nitakupigia, mama," alisema, akakata.

Miaka sita alikuwa amepeleka makontena kumi na moja, na hakuna lililowahi kurudishwa. Hili la kumi na mbili ndilo lililopata cheti haraka kuliko yote. Kilitoka siku ile ile. Zamani haikuwa hivyo. Zamani pale mlangoni alikaa katibu mwenye miwani ya kamba, bibi asiyecheka na mtu, ambaye angekurudisha mara tatu: jina la kisayansi la mmea halipo, namba ya ghala haisomeki, uzito wa hapa haulingani na uzito wa pale. Kila alipoulizwa cheti kitatoka lini alijibu, "Kikiwa tayari." Mwanamke wa tangawizi alivumilia miaka mitano, wa sita akamwandikia mkurugenzi barua ya kurasa mbili. Bibi alipoondolewa, yeye hakumlilia.

"Ziko nakala za vyeti vya zamani," mkaguzi alisema ghafla, akiinuka. "Nikiziona, mkono utakumbuka." Akamwita katibu mpya. "Nakala za zamani zinakaa wapi?"

"Sijui, bosi. Mimi nilikuta kabati limejaa, sikugusa kitu."

"Ndiyo maana nampigia yule bibi tangu asubuhi," mkaguzi alinung'unika. "Mara ya tisa sasa. Hapokei."

"Mimi asubuhi alinipokea," katibu mpya alisema. "Nilipotaja jina lako tu, akakata. Sasa hata mimi simpati."

Mwanamke aliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi, na ofisi hufungwa saa tisa na nusu. Kwenye simu yake kulikuwa na picha nyingine, ya tangawizi yenyewe: vichipukizi vya kijani vilikuwa vimeanza kutokeza kwenye matundu ya magunia. Ilikuwa inaota, huko huko bandarini.

Mkaguzi alipiga magoti mbele ya kabati, akafungua mlango wa chini, akafunga, akafungua wa juu yake. Alipekua kama mgeni jikoni kwa watu. "Nishikie haya," alisema, akampa mwanamke rundo la mafaili bila kugeuka.

Faili la juu lilifunguka mikononi mwake. Ilikuwa barua ya kumwachisha kazi katibu wa zamani, kwa kosa la kuchelewesha huduma. Chini kabisa, kwenye mstari wa mpokeaji, bibi wa miwani ya kamba alikuwa ametia sahihi: herufi tatu zilizobanana, na mkia mrefu uliozunguka kushoto ukarudi kuzikata zote katikati.

Nyuma yake, kwa pini moja nayo, ilikuwa imebanwa barua ya malalamiko ya kurasa mbili. Sahihi ya barua hiyo aliitambua bila kuilinganisha na picha yoyote.