Makofi ya Wafagiaji

"Wanaokubali mishahara ya wafagiaji ipunguzwe?" mwenyekiti aliuliza. Hazina ya jiji ilikuwa imekauka. Diwani aliwatazama wenzake, kisha akanyoosha mkono. Bajeti ikapita.

Nje ya ukumbi alimkuta mume wa dada yake akingoja na wafagiaji wenzake. Alimpa mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu kama gome, kimejaa sugu za mpini wa fagio.

"Shemeji, tumesikia tumekatwa. Lakini wewe umetutetea, sivyo?"

Diwani akamshika bega. "Nimewatetea mpaka mwisho, shemeji. Wamenishinda kwa wingi."

"Nilijua! Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki." Akawageukia wenzake. "Jamani, huyu hakututupa!"

Wakampigia makofi. Diwani akainamisha kichwa, kama mtu anayeshukuru.