Mateke kwenye Figo la Huguette

"Mwambie mwanao aache kulipiga mateke figo langu," Huguette alisema, kiganja chake kikiwa chini ya tumbo la Josette, upande wa kulia, pale madaktari walipolipandikiza figo lake miaka mitatu iliyopita.

Josette alicheka hadi akashika mbavu. Mumewe, Normand, hakucheka. Alisimama na kipimo cha presha mkononi, akisubiri watulie. Mimba ilikuwa ya wiki thelathini na mbili, na daktari alishawaambia waziwazi: presha ikipanda, mtoto anaweza kupotea, figo linaweza kupotea, na hata Josette mwenyewe.

Tangu siku hiyo Normand hakujua usingizi. Alimpima mkewe mara tatu kwa siku, akamsimamia vidonge vya kuzuia mwili usilikatae figo. Huguette naye alikuja kila Jumamosi. Hakupiga hodi. Alikung'uta theluji mlangoni, akaenda moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria na kuonja mchuzi wa kuku.

"Chumvi yote hii ya nini, Normand? Unataka kuniulia figo?"

"Nimetia kidogo tu."

"Kidogo chako nakijua. Na kukoroma je, bado? Hamia sebuleni, mwenzio apumzike."

"Hamia sebuleni," Josette akadakia.

Normand akahamia sebuleni.

Wiki ya thelathini na nne, asubuhi wakinywa chai, Josette alisema anaona vimulimuli machoni. Presha ilikuwa mia na themanini na tano. Normand aliendesha gari hadi hospitali mjini Moncton akiwa na kiatu kimoja. Huguette aliwakuta huko, nywele zake za mvi bado zimezungushiwa rola.

Josette akaingizwa chumba cha upasuaji. Mlango ulipofungwa, Normand alikaa sakafuni na kulia kama mtoto.

"Akifa, Huguette, mimi nitakwenda wapi?"

Huguette alikaa naye pale chini, akamshika mkono. "Hafi huyo. Figo langu halijui kushindwa."

Saa nzima ilipita. Kisha muuguzi akatoka na blanketi linalopiga kelele: msichana, kilo mbili kasoro kidogo. Mama yake mzima. Figo linafanya kazi.

Normand alinyoosha mikono kumpokea. Huguette akawahi, akampakata mtoto, akaanza kulia kwa kwikwi.

"Hongera, mama," muuguzi alisema. "Umempa mwanao figo, naye kakupa mjukuu."

"Mwanangu?" Huguette alifuta pua kwa mkono wa koti. "Dada, mimi nilikuwa mke wa kwanza wa huyu bwana, tukaachana. Figo nilitoa ili asije akanirudia."