Darasa la Mguu Mmoja

Bwawa lilipoanza kukauka, wanyama wazima walimwomba Korongo awafundishe njia ya kwenda Chemchemi ya Mkangazi. Njia hiyo ilikuwa na kona saba, na asiyezijua kwa majina angeachwa nyuma.

Korongo alikuwa mwalimu mwema, ila alitaka wote wasimame kwa mguu mmoja, kimya, kama alivyosomeshwa yeye. Ngiri, ambaye wengi humwita Nguruwe kwa makosa, alianguka mara tatu. Popo hakuweza kusimama kabisa, na kila alipoulizwa aliishia kona ya pili.

"Bi Popo, safari ni kesho," alisema Korongo. "Wewe utabaki."

"Mwalimu, niruhusu nining'inie. Mimi hukumbuka nikiwa kichwa chini."

"Elimu itamwagika."

Darasa likacheka. Popo naye akacheka, kisha akasema, "Basi zitaje wewe kona hizo saba, Mwalimu, lakini usimame kwa miguu miwili."

Korongo akaushusha mguu. "Mkwaju, Jiwe Jeusi, Kichuguu..." Akatazama angani, akatazama kucha zake.

"Mpingo, Mwalimu," alinong'ona Ngiri, ambaye kwa kuchoka kuanguka alikuwa amepiga magoti, kama afanyavyo akila.

Korongo aliyatazama magoti yale kwa muda. Kisha akamgeukia Popo.

"Bi Popo, tawi lile litakufaa?"

Popo akaning'inia, akazitaja zote saba bila kusita. Asubuhi hakuna aliyebaki bwawani.