Uji wa Kipimo

"Tumbo limefanya kazi, babu!" nesi alishangilia, akimgeuzia fundi cherehani kioo cha mashine ya kupimia tumbo. "Mwezi uliopita uji ulikaa humo kama mgeni asiyejua kuaga. Leo umeshuka wote. Dawa yetu mpya imekubali!"

Mkono wa fundi ulikuwa mfukoni, umeshika leso iliyofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na vidonge vya karibu mwezi mzima.

Alivimeza siku mbili tu. Vilimpa kizunguzungu, naye tangu mkewe afariki hakuna wa kumwinua akianguka. Kusema aliogopa. Angetolewa kwenye utafiti wa dawa hiyo, na hapa kliniki ndipo mahali pekee alipoulizwa kama amekula.

Siku zote uji wa kipimo, ule ambao mashine huufuata tumboni, aliunywa peke yake, akitazamana na ukuta. Leo, kabla ya kupimwa, nesi naye alikuwa na njaa. Alivuta kiti, akafungua chakula chake, akamtania, "Babu, unakunywa uji kama bibi harusi mbele ya wakwe!" Fundi akacheka mpaka uji ukampalia. Hata hakujua bakuli liliisha saa ngapi.

"Sasa dawa hii tutawapa na wagonjwa wengine," nesi alisema, akichukua kalamu.

Fundi akawaona hao wengine, kila mmoja na ukuta wake, wakiyumba.

Akafungua fundo kwa meno, kama alivyozoea kukata uzi, akamwaga vidonge mezani.

"Usiandike, mjukuu wangu. Sijavimeza."

Nesi akaviangalia vidonge, kisha kiti alichokivuta wakati wa uji, ambacho bado kilikuwa kimebanana na cha fundi.